MIMEA YA UANI KANDO YA ZIWA: YA KUCHAGUA NA YA KUKATAA

Kisiwa cha Remba, katika Ziwa Victoria, ni mwamba mdogo uliojaa nyumba za mabati zilizobanana sana. Wakazi wake ni wavuvi na wachuuzi wa samaki, wala si wengi waliokwenda huko kwa ajili ya kulima. Hata hivyo, katika miezi ya Januari na Februari, jua linapochoma mabati na mawe kwa pamoja, hakuna asiyetambua thamani ya kivuli. Na mboga zisizoota kisiwani hazina budi kuja kwa mashua, kwa bei ya mwenye mashua. Mambo ni hayo hayo, ingawa si kwa ukali huo, huko Mfangano, Rusinga, Mbita, na pwani yote iteremkayo hadi Migori.

Watu wengi hudhani kwamba kuchagua mimea ya uani ni kazi ya macho tu, yaani ua zuri lipandwe na baya ling'olewe. Katika nchi hii ya ziwa jambo hilo si kweli, na ushahidi wake ni lantana. Huu ni ule mti mfupi wenye miiba midogo, ambao maua yake huwa ya manjano, mekundu na ya waridi katika kichala kimoja, na tunda lake likiiva huwa jeusi. Asili yake ni Amerika. Ulisambazwa duniani kuwa pambo la bustani, na Nyanza watu waliupanda kuwa ua wa boma kwa kuwa huota upesi, hauhitaji maji mengi, wala mbuzi hawaupendi.

Mwaka 1964 ugonjwa wa malale ulizuka Alego, katika sehemu ambayo sasa ni kaunti ya Siaya. Wataalamu walipowatafuta mbung'o, waliwakuta mahali pasipotazamiwa. Mbung'o wa aina ile kwa desturi hukaa katika vichaka vya kando ya ziwa na mito. Lakini huko Alego walikuwa wamehamia katika nyua za lantana zilizozunguka nyumba, hatua chache kutoka mlangoni. Humo walipata kivuli na unyevu, na ng'ombe wa kuwanyonya damu walikuwa karibu. Mwaka 1966 ilitangazwa kwamba vijidudu viletavyo malale kwa wanadamu vilikutwa katika damu ya ng'ombe wa sehemu hiyo. Basi ua uliopandwa ili kulinda boma ulikuwa umemkaribisha adui ndani yake.

Tangu hapo mengi yamefanyika. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa malale humu nchini Kenya alionekana mwaka 2009, na mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena katika Kenya. Lakini ugonjwa kutoweka si sawa na mbung'o kutoweka. Kwa hiyo mwenye boma la lantana afanya vema kuling'oa pamoja na mizizi yake, maana likikatwa tu huchipuka tena. Asiyeweza kuling'oa lote kwa mara moja, alikate liwe fupi na jembamba, jua na upepo vipite katikati.

Badala yake kuna mimea mingine. Mnyaa, ambao Wajaluo huuita ojuok, ni ua wa wazee wa nchi hii: huota kwa kukata tawi na kulichomeka, na kiangazi hakiudhuru. Ila utomvu wake ukiingia jichoni huumiza vibaya na huweza kupofusha, kwa hiyo mkataji asipanguse uso kwa mkono wenye utomvu, na watoto wasiachwe kuuchezea. Penye nafasi, kayaba ni bora zaidi, kwa miiba yake na matunda yake, ijapokuwa hukua polepole. Thevetia, wenye maua ya manjano kama kengele, hupendeza sana; lakini mbegu chache za mti huo zaweza kumwua mtoto. Haufai kabisa mahali penye watoto, na ni mahali gani pasipo watoto?

Kwa kivuli, mwarobaini hauna mshindani nchi kavu, kwa kuwa majani yake hubaki mabichi hata kiangazi kikali. Upandwe mbali na ukuta, yapata hatua kumi. Remba hatua kumi hizo huishia ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Huko yafaa mlonge, ambao hukubali kukatwa kila mara na majani yake huliwa, au mpapai, ambao huweza kuzaa baada ya mwaka mmoja hivi ukikingwa na upepo. Njia nyingine ni kusimamisha vijiti na kufunga kamba juu yake mbele ya mlango, kisha kuutambaza mboga wa maboga hapo. Majani yake, ambayo Wajaluo huyaita susa, ni mboga, na mlango wapata kivuli. Mmea usilazwe juu ya mabati yenyewe, utaungua.

Mahali pasipo udongo, bustani yaweza kuwekwa ndani ya gunia. Chukua kopo kubwa lisilo na kitako, ulisimamishe katikati ya gunia na kulijaza kokoto. Pembeni yake tia udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza. Kisha vuta kopo juu, ujaze tena, na kuendelea hivyo mpaka gunia lijae. Nguzo ya kokoto itabaki katikati kuyateremsha maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni, yaachane shubiri moja, na kupandikiza humo sukuma wiki. Mgagani, yaani dek, haupendi kung'olewa na kupandikizwa kwa sababu ya mzizi wake mrefu; mbegu zake zipandwe juu ya gunia moja kwa moja. Mnavu na mchicha hustawi vilevile.

Maji ya ziwani yapo tele, lakini kuyateka kuna hatari. Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono wa maji ya kina kifupi na kupenya ngozi ya mtu asimamaye majini. Anayeteka asimame juu ya jiwe au gati. Maji yenyewe yakikaa siku mbili ndani ya chombo kilichofunikwa, vijidudu hivyo hufa. Kifuniko hicho huwazuia mbu pia. Wako wanaokata kila mmea uani kwa hofu ya malaria, huku wakiacha madimbwi na vyombo vyenye maji wazi. Mbu hupata kivuli majanini, ni kweli, lakini huzaliwa majini.

Maji yaliyooshea vyombo yatiwe shinani mwa miti, si juu ya mboga za majani.

Udongo wa gunia na wa shinani ufunikwe ili usikauke. Gugu maji lililokaushwa juani mbali na ufuo lafaa sana kwa kazi hiyo. Nalo lilisambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau, kutoka Amerika Kusini. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika yapata hekta 17,000 za ziwa upande wa Kenya. Lifunike udongo likiwa limekufa, wala lisipandwe katika beseni wala kidimbwi chochote.

Miche ya miti ingoje mvua za Machi. Magunia hayana haja ya kungoja. Yakijazwa sasa, sukuma wiki itaanza kuchumwa kabla mvua haijafika.