Kwa Nini Majani Hayaoti Penye Kifusi cha Machimbo

Sisi tunaoishi karibu na machimbo ya dhahabu tumezoea kuona vilima vya kifusi visivyoota hata jani moja. Mvua inanyesha, mashamba ya jirani yanakuwa kijani, kifusi kiko vile vile. Mwaka mmoja tulipanda miti pale. Tulichimba mashimo, tukamwagilia, tukazungushia miiba. Miche yote ikakauka. Wengine tulisema ni mbuzi, wengine tukasema ni jua. Kumbe shida ilikuwa udongo wenyewe.

Pamoja na dhahabu au makaa ya mawe, mara nyingi huko chini kuna jiwe la manjano linalong'aa. Mchimbaji mgeni hulidhania dhahabu. Jina lake ni pairaiti, nalo ni chuma na salfa vilivyoungana. Likikaa chini halina ubaya, maana hewa hailifikii. Likitolewa juu likapata hewa na maji, linatoa tindikali. Ni ya aina ile ile iliyomo katika betri ya gari. Ukiona maji ya rangi ya kutu yanatoka chini ya kifusi, hiyo ndiyo dalili. Usiyanywe, wala usinyweshe ng'ombe.

Ukali wa tindikali hupimwa kwa pH. Namba 7 ni katikati. Ikishuka chini ya 5.5, mazao mengi huanza kuteseka. Kifusi kibaya huwa chini ya 4. Hapo mizizi inaungua ncha na kubaki mifupi, na hata mbolea ya fosfeti ukiitia hufungwa na udongo, mmea usiipate.

Dawa yake ni mawe ya chokaa yaliyosagwa laini. Lakini ni kiasi gani? Hapa ndipo wengi tunapokosea, tunanyunyiza kama chumvi kwenye mboga. Tupige hesabu. Tani 1 ya salfa inataka tani 3 na kidogo za chokaa. Eka moja ya udongo, kwa kina cha sentimita 15, ina uzito wa karibu tani 900. Kama katika kila tani 100 mna tani 1 ya salfa, basi eka hiyo ina tani 9 za salfa. Itataka chokaa karibu tani 28. Hayo ni malori manne ya tani saba! Kijiji kitazitoa wapi? Na ukiweka kidogo, miche itachipua msimu mmoja, kisha jiwe litaendelea kuoza na tindikali itarudi.

Ndiyo maana ni rahisi zaidi kulizika jiwe hilo kuliko kulitibu. Siku ya kwanza ya kuchimba, udongo mweusi wa juu uwekwe pembeni, usichanganywe. Mkimaliza, rudisheni kwanza mawe mabaya chini kabisa shimoni, kisha kifusi kizuri, mwisho ule udongo wa juu. Chimbeni mitaro ili maji ya mvua yapite kando. Changanyeni chokaa na samadi juu, mkaache kwa muda, chokaa ifanye kazi na mvua. Halafu pandeni majani kwanza. Miti ingoje.

Huko Marekani, kwenye milima ya Appalachia, makaa ya mawe huchimbwa kwa kufunua ardhi. Sheria ya mwaka 1977 inawataka wenye machimbo watunze udongo wa juu, wafukie mawe yenye tindikali, na wapande mimea. Jani moja waliloliona linavumilia tindikali ni jembamba, refu, linaloinama kama nywele. Mbegu zake zilipelekwa huko kutoka Tanganyika mwaka 1927. Wenzetu wanaponya machimbo yao kwa majani ya kwetu, sisi tunayachoma moto!

Mahali palipooshewa dhahabu kwa zebaki msipande chakula, wala msilishe mifugo majani ya hapo. Na chokaa iliyochomwa, ile ya kupaka nyumba, inaunguza ngozi na macho. Mkiitumia, kaeni upande upepo unakotoka. Kabla ya kununua hata gunia moja, chukueni udongo kidogo sehemu mbalimbali za kifusi, mkampe bwana shamba apeleke kupimwa.