Platyceratidae

Platyceratidae ni familia ya konokono wa bahari waliotoweka, ambao wanajulikana kwa visukuku vyao tu. Waliishi katika bahari za zama za Paleozoiki, na mabaki yao ni mengi hasa katika miamba ya vipindi vya Siluri, Devoni na Karboni, yaani kati ya miaka milioni 444 na 299 hivi iliyopita. Jina limetokana na jenasi Platyceras, lenye maana ya "pembe pana" kwa Kigiriki.

Konokono hawa ni muhimu kwa sayansi kwa sababu mara nyingi hukutwa wakiwa bado wamekaa juu ya mnyama mwingine. Kwa kawaida kisukuku huonyesha umbo la mnyama, si mwenendo wake. Hapa uhusiano wa viumbe wawili umehifadhiwa ndani ya jiwe.

Umbo
Gamba lao lina mizunguko michache na mdomo mpana, hata spishi nyingi zinafanana na kofia au pembe iliyopinda. Baadhi, kama Platyceras dumosum wa kipindi cha Devoni, walikuwa na miiba mirefu juu ya gamba. Ukingo wa mdomo mara nyingi haukunyooka, kwa kuwa ulikua kwa kufuata uso wa mnyama aliyebeba konokono. Kwa hiyo konokono wa spishi moja waliweza kutofautiana sana kwa umbo, jambo linalofanya uainishaji uwe mgumu.

Maisha juu ya krinoidi
Mwenyeji wa konokono hawa alikuwa hasa krinoidi, mnyama wa faila ya Ekinodermata na jamaa ya kiti cha pwani na jongoo bahari. Krinoidi wengi wa kale walisimama sakafuni mwa bahari juu ya bua, wakichuja chakula majini kwa mikono yao. Konokono alikaa juu ya mwili wa krinoidi, katikati ya mikono, akifunika tundu la haja. Mistari ya ukuaji wa gamba inalingana na uso wa mwenyeji. Hii inaonyesha kwamba konokono alikaa mahali pamoja kwa muda mrefu wa maisha yake. Mifano mizuri imepatikana Crawfordsville, katika jimbo la Indiana, Marekani.

Mgeni au kimelea?
Katika karne ya 19 baadhi ya wataalamu walidhani kwamba krinoidi alikuwa akimla konokono. Maelezo hayo yaliachwa ilipoonekana kwamba gamba limekua likifuata umbo la krinoidi, kwani windo halikai juu ya mlaji wake hadi likue. Baadaye ilikubaliwa na wengi kwamba konokono alikula kinyesi cha krinoidi bila kumdhuru.

Mwaka 1990 Tomasz Baumiller alieleza matundu yaliyotobolewa katika krinoidi wa kipindi cha Karboni, chini ya konokono hao. Mwaka 2003 yeye na Forest Gahn walichunguza krinoidi wa kipindi cha Devoni, wakaona kwamba wale waliobeba konokono walikuwa wadogo kuliko wasiobeba. Ushahidi huo unaelekeza kwamba angalau baadhi ya konokono hawa walikuwa vimelea au wezi wa chakula. Hata hivyo, si lazima spishi zote ziwe na mwenendo mmoja.

Mfano wa leo unasaidia kuelewa jambo hili: katika Bahari ya Hindi na Pasifiki, konokono mdogo wa jenasi Thyca hujishika juu ya kiti cha pwani na kunyonya majimaji ya mwili wake. Yeye ni wa familia nyingine kabisa.

Kutoweka
Mwishoni mwa kipindi cha Permi, miaka milioni 252 hivi iliyopita, karibu krinoidi wote walikufa katika maangamizi makubwa ya viumbe. Nasaba chache zilinusurika, na krinoidi wapo baharini hadi leo. Konokono wa Platyceratidae hawapo tena.