Unapompeleka Mtu Kuona Ploti, Nani Anajua Uko Wapi?



Katika vikundi vyetu vya Doldol na sehemu za jirani wako vijana na akina mama wanaopata riziki kwa kuwaonyesha watu ploti na vyumba vya kupanga. Wengine huwaita madalali, wengine mabroka. Mgeni anapiga simu kutoka Nanyuki au Nairobi, anasema anatafuta ploti, na kesho yake kijana wetu yuko naye porini, wawili peke yao. Tukiulizana mkutanoni, "Fulani yuko wapi leo, na yuko na nani?" mara nyingi hakuna anayejua. Jambo hili ni la hatari, na tunaweza kulirekebisha bila gharama kubwa.

FUNZO KUTOKA MBALI

Tarehe 28 Julai 1986, katika jiji la London, msichana wa miaka 25 aitwaye Suzy Lamplugh alitoka ofisini mchana. Kazi yake ilikuwa kuuza nyumba. Katika kitabu cha ofisi aliandika saa, mahali nyumba ilipo, na jina la mteja: "Mr Kipper". Hakurudi. Mwili wake haujapatikana hadi leo, na mwaka wa 1993 alitangazwa rasmi kuwa amefariki. Wazazi wake walianzisha shirika lenye jina lake, ambalo huwafundisha watu namna ya kujilinda kazini.

Tukumbuke kwamba dada huyu hakuwa mzembe. Aliandika. Lakini jina peke yake halikutosha kumtambua mtu huyo, na mpaka sasa haijathibitishwa alikuwa nani. Ikiwa hayo yalitokea katika jiji lenye ofisi na simu kila mahali, sisi wa huku, ambako simu hupotea mtandao ukishapita kilima kimoja, tufanye nini?

KIKUNDI NDICHO OFISI YAKO

Dalali wa kijijini hana ofisi, lakini ana kikundi. Kikundi kinunue daftari moja, likae kwa mwandishi au katika duka la mwanachama. Kabla mtu hajaondoka na mteja, yaandikwe haya:

1. Jina la mteja kama lilivyo kwenye kitambulisho, na nambari ya kitambulisho hicho.
2. Nambari yake ya simu. Mpigie papo hapo uone kama inaita.
3. Nambari ya gari au pikipiki.
4. Mahali mnapokwenda, na njia mtakayopita.
5. Saa ya kutoka na saa ya kurudi.

Mkutane na mteja kwanza mahali penye watu, kama dukani au karibu na ofisi ya chifu, wala si njiani. Mtu akikataa kuonyesha kitambulisho, mwambie kwa heshima kwamba huo ndio utaratibu wa kikundi. Wengi wetu tunaogopa kwamba mteja atakasirika aende kwa broka mwingine. Mnunuzi wa kweli pia anaogopa kuibiwa, na akiona daftari atakuamini zaidi. Anayekimbia daftari, mwache akimbie.

Saa ya kurudi ikipita kwa nusu saa, mwandishi apige simu. Asipojibiwa, asingoje jioni. Awaambie wazee na chifu, na apige polisi 999 au 112. Tena mpatane neno la siri. Kwa mfano, ukimpigia mwandishi na kuuliza, "Yule ng'ombe mweusi amerudi?" ajue mara moja kwamba uko taabani na atume watu.

MKIWA NJIANI NA KWENYE NYUMBA

Wawe watu wawili wa kikundi, hasa kama mteja ni mgeni kabisa. Usiingie gari lake ukiwa peke yako. Ukionyesha chumba, mteja atangulie kuingia, na wewe ubaki karibu na mlango ulio wazi. Hata kama amesema yuko na haraka, usikubali kuonyesha chumba usiku.

Fedha za kuweka ploti zisitembee mfukoni. Mnunuzi amlipe mwenye mali kwa benki au kwa M-Pesa, na mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi. Habari ikienea kwamba broka hutembea na pesa taslimu, si mteja peke yake atakayemfuata.

HATARI ZA ARDHI YENYEWE

Huku kwetu ndovu na nyati ni majirani. Tembeeni mchana, na mkiona kinyesi kibichi au matawi yaliyovunjwa karibuni, rudini. Mvua ikinyesha milimani, lagga iliyo kavu inaweza kujaa ghafla hata kama hapa ni jua. Msiegeshe gari ndani yake.

Kuna na hili la vyuma. Sehemu za Doldol na Archers Post zilitumiwa miaka mingi kwa mazoezi ya jeshi, na mabomu yaliyoachwa bila kulipuka yaliua na kulemaza watu. Mwaka wa 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa fidia ya pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200. Kwa hiyo unapotafuta mipaka ya shamba usiguse wala kupiga teke chuma usichokijua. Weka alama kwa mbali, uwaambie polisi.

USIONYESHE KISICHOUZWA

Hatari nyingine tunajiletea wenyewe. Sehemu kubwa ya Mukogodo ilikuwa ranchi za vikundi chini ya sheria ya mwaka 1968, na sasa inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Ardhi ya jamii haiwezi kuuzwa na mtu mmoja. Ni lazima angalau theluthi mbili ya watu wazima walioandikishwa katika jamii hiyo wakubali. Wachungaji wa mifugo wakiona mgeni anapima malisho yao kwa hatua, watauliza kwa hasira, na atakayekutwa pale ni wewe uliyemleta.

Basi kabla ya kumpeleka mtu, ulizia ofisi ya ardhi ploti ni ya nani, uwajulishe wazee na majirani, na mwenye ploti awepo mwenyewe. Anayetaka kuifanya kazi hii kwa kudumu ajue pia kwamba sheria ya Kenya inataka mawakala wa ardhi na nyumba waandikishwe.

Wazee walisema, tahadhari kabla ya hatari. Faida ya ploti moja hulisha nyumba kwa muda, lakini aliyepotea hatulipwi na mtu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Ni nani kati yetu huonyesha ploti au vyumba? Mara ya mwisho nani alijua alikokwenda?
2. Daftari litakaa kwa nani, na asipokuwepo litashikwa na nani?
3. Mwenzetu asiporudi saa aliyosema, wa kwanza kuondoka kwenda kumtafuta ni nani?