Ritifaa iliyopoteza ng'ombe: Tushiriki kuboresha programu tunazoandikia Kiswahili

Miezi michache iliyopita, mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea sura ya nne ya tasnifu yake. Alikuwa amerekodi mazungumzo ya wafanyabiashara katika soko la mifugo, akayaandika neno kwa neno, kisha akahesabu msamiati wao. Matokeo yalinishangaza. Neno "mbuzi" lilijitokeza karibu kila ukurasa, ilhali "ng'ombe" lilikuwa la kutafutwa kwa tochi. Mwanafunzi alikuwa tayari amejenga nadharia juu ya jambo hilo: kwamba wafanyabiashara hao wana mwiko wa kumtaja ng'ombe kwa jina, hivyo hutumia tafsida.

"Binti yangu," nikamuuliza, "watu waende soko la ng'ombe, wauze ng'ombe, wanunue ng'ombe, halafu wasimtaje ng'ombe?"

"Prof, hata mimi nilishangaa," akajibu. "Lakini kompyuta ndiyo imesema. Nimetafuta mara tatu."

Nilimwomba afungue rekodi moja tuisikilize pamoja. Dakika ya kwanza haikuisha kabla hatujamsikia ng'ombe akitajwa, tena na tena. Kosa basi halikuwa la wauzaji wala la masikio ya mwanafunzi. Lilikuwa la alama ndogo mno ambayo wengi wetu huiona kama uchafu wa kalamu: ritifaa.

Nakiri kwamba nilikaribia kuipitisha sura ile. Ningekuwa na haraka siku hiyo, leo kungekuwa na tasnifu kwenye rafu ya maktaba inayodai kwamba kuna Waswahili wanaoogopa jina la ng'ombe, na baada ya miaka kumi mtu mwingine angeinukuu. Ndiyo maana nimeamua makala ya leo yaizungumzie alama hii, na programu tunazotumia kuandikia.

Tuanze na isimu. Katika neno "ng'ombe", ritifaa si alama ya uakifishaji. Haifungui wala kufunga usemi wa mtu. Ni sehemu ya herufi. Herufi n, g na ritifaa kwa pamoja huwakilisha sauti moja, nazali ya kaakaa laini, na ukiiondoa ritifaa unapata sauti nyingine na pengine neno jingine kabisa. Kung'oa ni kukitoa kitu kwa nguvu pale kilipojishikiza, kama jino au mche. Ngoa ni wivu au tamaa, na ndiyo maana husemwa mtu analia ngoa. Tofauti ya maneno hayo mawili kwenye karatasi ni kidoa kimoja cha wino.

Nilipoandika tasnifu yangu mwenyewe kwa taipureta, ritifaa ilikuwa moja tu. Ulibonyeza kitufe, kikagonga, basi. Kompyuta imetuletea kadhaa. Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila alama namba yake, una ritifaa iliyonyooka ambayo namba yake ni 39. Una pia ile iliyopinda kama koma iliyoning'inia juu, namba 8217. Kuna hata ya tatu, namba 700, iliyokusudiwa mahali ambapo alama hii ni herufi na wala si kituo. Ukiniuliza mimi, hiyo ya tatu ndiyo inayoifaa "ng'ombe" kinadharia, lakini kibodi za kawaida hazina kitufe chake, kwa hiyo karibu hakuna anayeitumia.

Sasa tazama yaliyomfika mwanafunzi wangu. Mahojiano machache aliyaandika moja kwa moja katika kihariri cha matini tupu, na humo ritifaa ilibaki imenyooka. Mengi zaidi aliyaandika katika programu ya kuchapia barua, ambayo huikunja ritifaa yenyewe bila kukuuliza, eti ipendeze. Kisha akayanakili na kuyabandika yote katika faili moja. Mengine aliyaandika kwa simu akiwa kwenye matatu, akaiacha ritifaa kabisa: "ngombe". Kwa macho yetu huyo ni ng'ombe mmoja. Kwa kompyuta ni wanyama watatu wasiojuana. Alipotafuta mmoja, wawili walibaki zizini.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini basi ahangaike na matini tupu? Matini tupu ni faili yenye herufi peke yake, bila maandishi mazito, bila rangi, bila ukubwa wa hati. Sababu yangu ya kuipendekeza kwa wanafunzi ni ya uchungu. Katika miaka ya 1990 nilihifadhi maelezo ya mahojiano na wazee kadhaa kwa programu iliyokuwa ya kisasa wakati huo. Programu hiyo ilikufa. Faili ninazo hadi leo, lakini nikizifungua naona vijimraba na alama za ajabu. Wazee wale wengi wametangulia mbele ya haki, na siwezi kurudi kuwauliza tena. Yale machache niliyoyahifadhi kama matini tupu yanafunguka hadi leo katika mashine yoyote. Maelezo ya utafiti yanapaswa kuishi kuliko programu iliyoyaandika.

Kihariri alichotumia mwanafunzi huyo kinaitwa Vim. Ndugu yake mhandisi wa programu ndiye aliyemwekea. Kina historia inayotugusa sisi watu wa Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyojua. Kilitungwa na Mholanzi Bram Moolenaar, akakitoa kwa umma mwaka wa 1991. Kilifuata nyayo za kihariri cha zamani, vi, ambacho Bill Joy alikianza Marekani katika miaka ya 1970. Mwanzoni jina Vim lilimaanisha kuiga vi. Baadaye maana ilibadilishwa ikawa vi iliyoboreshwa. Kuboresha basi kumo katika jina lenyewe.

Mwaka wa 1994 Moolenaar alikaa Kibaale, kusini mwa Uganda, akifanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto. Eneo hilo lilikuwa limeathiriwa vibaya na UKIMWI. Aliporudi kwao hakuisahau Kibaale. Vim ikabaki ya bure, lakini anayeipenda huombwa awachangie watoto wenye shida nchini Uganda. Ombi hilo huonekana kwenye skrini ukiifungua programu bila faili. Waliochanga waliweza pia kupiga kura kuhusu maboresho waliyotaka yafanywe kwanza. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na toleo la 9.1, lililotolewa Januari 2024, likatolewa kwa kumbukumbu yake. Kazi inaendelezwa na watu wa kujitolea.

Hilo linawezekana kwa sababu Vim ni programu huria. Msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza kwa masharti ya leseni yake. Programu huria ni kama kisima cha kijiji. Maji ni ya wote, lakini kamba ikikatika hakuna karani wa kumlalamikia. Anayeiona ndiye anayepaswa kusema, na mwenye ujuzi wa kusuka kamba asuke.

Je, sisi wa Kiswahili tungependa vihariri kama hiki viboreshwe vipi? Nina mambo manne.

La kwanza ni mipaka ya neno. Kwa kawaida Vim huhesabu kuwa sehemu ya neno herufi, tarakimu na mstari wa chini. Ritifaa haimo. Ukiweka kasha juu ya "ng'ombe" na kuagiza itafute neno hilo, itatafuta "ng" au "ombe". Dawa ipo: agizo la set iskeyword+=39 huifanya ritifaa iliyonyooka kuwa sehemu ya neno. Notepad++, kihariri kingine huria ambacho Don Ho alikianza mwaka wa 2003, nacho kina mahali katika mipangilio pa kuongeza alama unazotaka zihesabiwe kuwa za neno. Hata hivyo, katika Vim agizo hilo linashughulikia namba zisizozidi 255 tu. Ritifaa iliyopinda, yenye namba 8217, hainufaiki nalo. Hapo ndipo pa kuomba boresho.

La pili ni utafutaji. Vihariri hivi vinaweza kuambiwa tayari kwamba mahali fulani pawe na hiari: ukiandika ng['’]ombe katika Vim, ritifaa zote mbili, iliyonyooka na iliyopinda, zitapatikana. Lakini ni watafiti wangapi wa lugha wanaojua hilo? Boresho la maana lingekuwa utafutaji wa kawaida uzichukulie ritifaa zote kuwa kitu kimoja, kama vile unavyoweza kuambiwa usijali herufi kubwa na ndogo.

La tatu ni umbo la neno letu. Vihariri vingi vina kitufe cha kutafuta neno zima. Kwa Kiingereza kinafaa sana. Kwa Kiswahili, ukitafuta "soma" kama neno zima, utawakosa anasoma, tulisoma na waliosoma. Ukikizima kitufe hicho utawapata hao, lakini utamkosa alisomwa na tusomeane, kwa kuwa mzizi wetu ni -som- na irabu ya mwisho hubadilika. Ukitafuta "som" peke yake, utaletewa pia somo, msomi na Somalia. Tatizo ni lile lile kwa vihariri vinavyokukamilishia neno. Hukisia mwisho kwa kuangalia mwanzo, ilhali mwanzo wa kitenzi chetu ni viambishi. Ukiandika "wana" umemwambia nini mkisiaji? Kitenzi chochote chaweza kufuata. Tunahitaji nyenzo inayojua kuvua viambishi hadi iuone mzizi.

La nne ni ukaguzi wa tahajia. Vim ilipata uwezo huo katika toleo la 7 mwaka wa 2006, na inaweza kutumia orodha za maneno zilizotengenezwa kwa ajili ya programu huria za ofisi. Lakini orodha tupu haitoshi. Chukua mzizi -som- pekee. Nafsi sita, mara njeo nne za na, li, ta na me, ni maumbo 24. Ongeza kauli nne: soma, somea, somwa, somesha. Umefika 96, na bado hujagusa ukanushi, yambwa, urejeshi wala ngeli nyingine. Hakuna atakayeyaandika yote kwa mkono. Kinachotakiwa ni kanuni za viambishi, na teknolojia ya kanuni ipo. Hunspell, kikagua tahajia kinachotumika katika programu nyingi huria, kilitungwa na László Németh akifikiria Kihangaria, lugha nyingine yenye viambishi vingi. Wahangaria hawakungoja kutungiwa na wengine.

Sisi je? Si kweli kwamba hatujawahi kujaribu. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Wanaisimu na wanatarakilishi walikaa meza moja. Tatizo letu ni kwamba baada ya mkutano kila mmoja hurudi idarani kwake, na kisima hubaki bila mtu wa kutazama kamba.

Wenzangu wengi hudhani kwamba kuchangia kunahitaji ujuzi wa kuandika msimbo. La hasha. Wanaoiandika Vim hawajui kwamba katika "ng'ombe" ritifaa ni herufi. Watajuaje tusipowaambia? Ripoti nzuri ya hitilafu haizidi nusu ukurasa: toleo unalotumia, hatua ulizofuata, ulichotarajia kuona, na ulichokiona. Mwanaisimu huongeza mifano michache na sababu. Hilo ni zoezi ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyefundishwa fonolojia vizuri analiweza. Lalamiko la "programu hii haijui Kiswahili" halimsaidii yeyote. Lakini "nimetafuta ng'oa nikaletewa oa" ni jambo ambalo mtu anaweza kukaa chini alirekebishe.

Kwa sasa, mtafiti ajikinge mwenyewe. Chagua ritifaa moja uitumie kazi nzima. Izime ile tabia ya programu ya kuikunja. Kabla ya kuhesabu chochote, badilisha zote ziwe za aina moja, kisha sikiliza rekodi mbili tatu ulinganishe na hesabu yako. Na kompyuta ikikuambia kwamba soko la ng'ombe halina ng'ombe, usianze kutunga nadharia. Nenda zizini ukatazame.

Mwanafunzi wangu aliiandika upya sura ya nne. Nadharia ya mwiko ilikufa, na alisikitika kidogo, maana alikuwa ameipenda. Badala yake ameongeza kiambatisho cha ukurasa mmoja kinachoeleza jinsi ritifaa ilivyompotosha, na mimi naona ukurasa huo utawafaa watafiti wengi kuliko nadharia yenyewe. Wiki iliyopita alinionyesha pia rasimu ya ripoti anayotaka kuwatumia wanaoitunza Vim. Nilisahihisha sentensi mbili tu, nikamwambia aitume.