Taa ya Breki Juu ya Mzigo

Wakulima wa Kinangop waijua sana barabara itokayo Njabini kwenda Flyover. Mara nyingi asubuhi ukungu huifunika, na ndani ya ukungu huo hupita pikapu zilizojaa kabichi na viazi, zikiwahi soko la Nairobi. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, nami hupita huko kila wiki kwa pikipiki. Jambo nitakalowaeleza nililiona kwa macho yangu.

Jirani yangu, mzee mwenye ng'ombe wanne wa maziwa, alikuwa akileta nyumbani nyasi za napier wakati wa magharibi. Alizifunga vizuri kwa kamba, lakini ncha zake zilining'inia nyuma ya pikapu zikafunika taa zote mbili. Alipokaribia lango lake alikanyaga breki. Taa ziliwaka, lakini ziliwaka ndani ya nyasi. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akimfuata hakuona kitu, akagonga nyuma ya gari na kuvunjika mguu. Alikaa miezi mitatu bila kazi. Yule mzee aliniuliza, "Mwanangu, breki zangu ni nzima na globu zangu ni nzima. Nilikosa wapi?"

Alikosa hapa: alisahau kwamba taa ya breki si ya dereva, ni ya mtu aliye nyuma yake. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Anayefuata akichelewa kujua kwa sekunde moja tu, mita hizo zote zimekwisha kabla hajagusa breki zake.

Dawa ya kwanza haina gharama: kata nyasi ziwe fupi, au zifunge zisishuke chini ya ubao wa nyuma. Dawa ya pili ni kuongeza taa ya tatu, juu, mahali ambapo mzigo hauifuniki.

Jambo hili si geni. Mwaka 1974, huko San Francisco, Marekani, mtaalamu John Voevodsky alitia taa ya tatu ya breki katika teksi 343, na teksi nyingine 160 akaziacha kama zilivyokuwa. Baada ya miezi 10, teksi zenye taa ya tatu zilikuwa zimegongwa nyuma mara chache zaidi, upungufu wa asilimia 60. Serikali ya Marekani ikaamuru taa hiyo iwekwe katika motokaa zote mpya za mwaka 1986. Hata hivyo, madereva walipoizoea faida yake ilipungua. Hesabu iliyotolewa mwaka 1998 ilionyesha upungufu wa asilimia 4 hivi. Basi taa ya tatu ni msaada. Haiondoi haja ya kuwa na taa mbili za chini zinazoonekana.

Mwenye pikapu ya kawaida ya betri ya volti 12 aweza kuifunga pamoja na fundi wake kwa utaratibu huu.

Kwanza, chagua mahali. Panafaa kwenye chuma cha juu kabisa cha keji, upande wa nyuma, katikati. Usiifunge nyuma ya kichwa cha gari, kwa maana kabichi zitaifunika. Taa iwe nyekundu, ya volti 12, isiyoingiza maji. Taa ya LED ni bora: hula umeme kidogo, na huwaka upesi kuliko globu ya waya.

Pili, tafuta waya wa breki. Nyuma ya taa ya chini kuna nyaya kadhaa: wa taa ya usiku, wa indiketa, wa kurudi nyuma, wa breki na wa ardhi. Usikisie kwa rangi. Chukua taa ndogo ya kujaribia, ncha moja iguse chuma safi cha bodi, ncha nyingine iguse waya mmoja mmoja. Mwambie mtu akanyage breki na kuachilia. Waya unaotakiwa ni ule unaowaka breki ikikanyagwa tu. Kisha washa taa kubwa na indiketa ujaribu tena, ili uwe na hakika.

Tatu, fungua ncha ya betri yenye alama ya kutoa (–) kabla ya kukata waya wowote.

Nne, unganisha. Waya mpya uwe wa milimita 1.5 mraba. Usisokote nyaya kwa vidole na kuzifunga kwa karatasi ya nailoni. Tetemeko la barabara litazilegeza. Zilehemu kwa risasi au zibane kwa kiungo cha chuma, kisha funika kwa tepu ya umeme. Karibu na kiungo tia fyuzi ndogo ya ampea 5. Waya unapopita kwenye tundu la bati, tia pete ya mpira, la sivyo bati litaukata.

Tano, waya wa ardhi wa taa ufungwe kwa skrubu kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi hadi king'ae. Ikiwa keji imepakwa rangi au ina kutu mahali inaposhikana na bodi, uteremshe waya huo hadi kwenye bodi yenyewe.

Sasa hesabu kidogo. Globu moja ya breki ni wati 21. Globu mbili ni wati 42, yaani ampea 3.5. Ukiongeza ya tatu utafika ampea 5.25. Soma kifuniko cha sanduku la fyuzi uone kama fyuzi ya breki yatosha. Fyuzi ikiungua, tafuta kosa. Usitie kubwa zaidi wala karatasi ya sigara, maana kitakachoungua baadaye ni gari. Mwenye tela lenye taa zake, au gari jipya ambalo kompyuta yake hupima globu, na amwone fundi wa umeme.

Mwisho, rudisha betri ujaribu. Breki ikikanyagwa, taa zote tatu ziwake pamoja. Taa mpya ikimetameta pamoja na indiketa, huenda umeunganisha waya usio wa breki, au waya wa ardhi haukushika vizuri.

Yule mzee amekwisha kufunga taa yake. Siku ya kwanza alimwita yule kijana wa bodaboda asimame barabarani, hatua hamsini nyuma, naye akakanyaga breki akiwa na mzigo kamili wa nyasi. Kijana aliinua mkono kuonyesha kwamba ameiona. Nawe fanya vivyo hivyo: kabla ya kuondoka na mzigo, mtume mtu asimame nyuma ya gari lako, umuulize anaona nini.