Kuvunjika kwa Koleo: Shauri kwa Anayeirudia Bastola ya Hewa



Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimeukumbuka msemo huo mara nyingi tangu niliporejea katika mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola ya hewa, baada ya kuuacha kwa miaka 18. Niliuacha Nairobi nilipofunga mizigo kuja huku kusini. Nikaurudia hapa Jacobs, kichwa kikiwa kimeingia mvi na mikono imekuwa migumu kwa kazi ya bohari. Kwa kuwa wasomaji wawili wa jarida letu wamenitaka shauri juu ya jambo hilo hilo, mhariri amenipa nafasi hii nieleze niliyojifunza, pamoja na kosa nililolifanya, ili wao wasilirudie.

MCHEZO WENYEWE

Kwa asiyeujua, mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha na kuishika bastola kwa mkono mmoja tu, bila kuegemea kitu. Risasi yake ni chembe ndogo yenye kipenyo cha milimita 4.5, nayo husukumwa na hewa iliyoshindiliwa, wala si baruti. Duara la katikati, lenye thamani ya alama 10, lina upana wa milimita 11.5, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Katika mashindano makubwa hupigwa risasi 60 kwa muda wa dakika 75, na tangu mwaka 2018 wanawake hupiga idadi ileile na wanaume. Bastola ya hewa iliingia katika Olimpiki mwaka 1988 mjini Seoul.

Asidhani mtu kwamba umri umemfungia mlango. Nino Salukvadze wa Georgia alipata medali ya fedha ya bastola ya hewa huko Seoul akiwa na miaka 19. Mwaka 2024 alisimama tena Paris akiwa na miaka 55, hiyo ikiwa Olimpiki yake ya kumi. Katika michezo hiyo hiyo ya Paris, Yusuf Dikeç wa Uturuki, mwenye miaka 51, alipata medali ya fedha pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan, huku amevaa miwani ya kawaida na mkono mmoja umo mfukoni. Basi sisi ni nani hata tuseme tumezeeka?

SHERIA, NA MTAA

Kabla ya bei na chapa, kuna jambo linalotuhusu sisi wageni kuliko wenyeji. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto ya Afrika Kusini, nambari 60 ya mwaka 2000, haimpi cheti cha umahiri wa silaha mtu asiye raia wala asiye na kibali cha ukaazi wa kudumu. Wengi wetu, wenye hati za ukimbizi au vibali vya muda, mlango wa bastola ya baruti umefungwa kwetu. Lakini sheria hiyo hiyo haiihesabu bastola ya hewa ya milimita 4.5 kuwa silaha ya moto, na kwa hiyo haihitaji leseni. Huu ni mchezo mmojawapo ambao mgeni anaweza kuucheza bila kusubiri karatasi zake zikamilike.

Hata hivyo, sheria haikumwachia mtu afanye apendavyo. Kumwelekezea mwenzako bastola ya hewa bila sababu ya haki ni kosa la jinai, hata kama haina risasi ndani. Tena kuna sheria nyingine isiyoandikwa popote. Siku nilipoileta bastola yangu nyumbani, mama watoto aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Baba watoto, majirani wakiiona hiyo mkononi mwako, nani atawaeleza kwamba ni ya hewa?"

Sikuwa na jibu. Aprili 2015, mashambulizi dhidi ya wageni yalipolikumba jiji hili, watu wetu walilala katika mahema ya Isipingo na Chatsworth. Mwenye kumbukumbu hiyo hahitaji kuelezwa jinsi uvumi mmoja, kwamba mgeni fulani ana bunduki, unavyoweza kuiteketeza nyumba. Swali lile la mke wangu limekuwa kipimo changu cha kwanza katika kuchagua bastola, na ninawasihi wenzangu walifanye kipimo chao pia.

Kwa sababu hiyo, jiepushe na zile bastola za hewa zilizotengenezwa zifanane na za polisi. Hazifai kwa shabaha ya mita 10, na barabarani ni balaa. Bastola halisi ya mashindano ina mpini mkubwa wa mbao uliochongwa kufuata kiganja na mtutu mrefu mwembamba. Hata hiyo, iweke daima katika sanduku gumu lenye kufuli, na usiifungue garini, kituoni wala uani.

KOSA LANGU

Niliporejea, niliinunua bastola ya kijana niliyekuwa zamani, wala si ya mzee niliye sasa. Niliona tangazo la bastola ya mtungi wa hewa, ya chapa niliyoitamani enzi zile. Bei ilikuwa nafuu, nami sikuuliza maswali. Nilipofika kiwanjani, mlengaji mmoja mkongwe aliugeuza mtungi na kunionyesha tarehe iliyochapwa juu yake: ulikuwa na zaidi ya miaka 10. Watengenezaji huweka kikomo cha matumizi ya mitungi hiyo, aghalabu miaka 10, kwa maana hewa iliyomo hushindiliwa hadi shinikizo la takriban baa 200. Mtungi uliochoka si kitu cha kukaa nacho karibu na uso. Katika mashindano, mlengaji mwenyewe ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha mtungi wake haujapitwa na wakati. Nilipouliza bei ya mtungi mpya, ule unafuu wote uliyeyuka.

Kosa la pili lilikuwa mpini. Mipini huuzwa kwa saizi, tena ya mkono wa kulia ni mbali na ya kushoto. Zamani nilitumia saizi ya kati. Lakini miaka 18 ya kubeba makasha imeunenepesha mkono wangu, na mpini ule ulinibana mpaka vidole vikafa ganzi.

AINA NNE

Anayerejea atakutana na aina nne za bastola hizi.

Ya kwanza ni ya springi, mfano wake mashuhuri ukiwa Feinwerkbau 65 ya Ujerumani, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1960. Ina utaratibu wa kuumeza mshtuko, hivyo hutulia mkononi. Zimebaki kuukuu tu, na vipuri vyake vyataka subira.

Ya pili ni ya kushindilia mara moja. Unauvuta wenzo mara moja kwa kila risasi, basi. IZH-46M ya Urusi na Feinwerkbau 103 ni za aina hii. Haina mtungi wa kuchakaa wala kujazwa. Kasoro yake ni kwamba mkono huchoka, maana wenzo huo utauvuta zaidi ya mara 60 kwa mashindano mamoja.

Ya tatu ni ya gesi ya kaboni. Shinikizo la gesi hiyo hubadilika kwa joto, na anayejua Januari ya Durban ataelewa kwa nini aina hii ilipitwa na hewa ya kawaida.

Ya nne ni ya mtungi wa hewa, kama Steyr LP10, Morini CM 162 au Walther LP500. Ndiyo inayotumiwa na mabingwa, kwa kuwa haitaki nguvu na kila risasi hutoka kama ile iliyotangulia. Mitungi yake hujazwa kutoka kwenye chupa kubwa kama zile za wapiga mbizi. Gharama ndiyo kikwazo.

Shauri langu ni hili: ukiwa na fedha kidogo na huna pa kujazia hewa, chukua ya kushindilia mara moja. Ukiwa na kiwanja chenye chupa ya hewa na mtungi wako una umri mfupi, chukua ya nne. Usikimbilie iliyo mpya kabisa. Haijui mkono wako ulikuwa umelala miaka mingapi.

KIPIMO CHA MKONO

Azima kabla ya kununua. Ishike bastola, fumba macho, inua mkono, kisha fumbua. Kilengeo cha mbele kikiwa kimekaa katikati ya pengo la kile cha nyuma bila wewe kukunja kifundo, mpini ni wako. Kikienda kando, mpini si wako, hata ukipewa bure. Kasoro ndogo hurekebishwa kwa tupa na gundi ya mbao.

Kisha angalia triga. Kanuni za mashindano zataka isilegee chini ya uzito wa gramu 500. Bastola nzima isizidi gramu 1,500, walakini anayerejea na aanze na iliyo nyepesi zaidi. Bega husahau upesi kuliko jicho.

Nyumbani, zoezi ni la kulenga ukuta mweupe bila risasi, dakika 15 kila siku, pazia likiwa limeshushwa na watoto wamekwisha elezwa kwamba hiki si kitu cha kuchezea. Risasi zipigwe kiwanjani tu. Tena ukimaliza, nawa mikono kabla ya kula, kwa maana madini ya risasi ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi.

TAMATI

Ile bastola ya mtungi niliiuza kwa hasara, nikimweleza mnunuzi kasoro yake waziwazi. Sasa ninatumia ya kushindilia mara moja, kuukuu, mpini wake nimeuchonga mwenyewe. Alama zangu bado ni haba. Lakini Jumamosi asubuhi, malori ya Jacobs yanapoanza kunguruma, mama watoto hunikabidhi sanduku pamoja na ufunguo, ambao hukaa kwake. Hilo ndilo jibu nililompa hatimaye kwa swali lake, naye ameliridhia.

Mwenye swali zaidi na amwachie mhariri barua. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.