Ngonjera, Kitenzi na Kumbukumbu za Mkutano: Kufundisha Stadi za Lugha na Uraia Mwema katika Kipindi cha Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi mwalimu wa Kiswahili nchini Tanzania anavyoweza kufundisha stadi za lugha na uraia mwema ndani ya kipindi kimoja. Hoja kuu ni kwamba uraia haujengwi kwa kubadili mada za insha pekee. Hujengwa na maumbo ya lugha yenyewe: namna malumbano yanavyofungwa, namna kitenzi kinavyomtaja au kumficha mtendaji, na namna maneno ya mtu mwingine yanavyoripotiwa. Vipindi vitatu vya mfano vinajadiliwa.

1.0 Utangulizi

Kwa miongo mingi somo la Uraia katika shule za sekondari za serikali nchini Tanzania limefundishwa kwa Kiingereza, ilhali mkutano wa kijiji huendeshwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayeweza kuorodhesha wajibu wa raia katika karatasi ya mtihani huenda hajawahi kutakiwa, kwa lugha atakayoitumia ukubwani, asimame, atoe hoja, apingwe, kisha ajibu. Pengo hilo huangukia mikononi mwa mwalimu wa Kiswahili.

Mara nyingi pengo hilo huzibwa kwa mada tu. Wanafunzi huandika insha kuhusu madhara ya rushwa au umuhimu wa kulipa kodi, mwalimu husahihisha tahajia na mtiririko, na darasa zima hufikia hitimisho lililojulikana kabla ya kalamu kushikwa. Insha ya namna hiyo hupima utii wa mwandishi kuliko uwezo wake wa kuamua.

2.0 Urithi wa Ngonjera

Jaribio mashuhuri la kuunganisha sanaa ya lugha na uraia nchini Tanzania ni ngonjera. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, ndiye anayehusishwa zaidi na kuanzishwa kwa utanzu huo, na Ngonjera za UKUTA zilichapishwa mwaka 1970. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera zilienea katika shule na hadhara za kitaifa. Nguvu yake kifundishaji haina shaka: mtoto husema kwa sauti, hukariri kwa mizani, na huvaa nafsi ya mtu asiye yeye.

Hata hivyo, umbo la kawaida la ngonjera lina funzo lake la kimyakimya. Pande mbili hubishana, lakini mmoja ni mjinga tangu ubeti wa kwanza, na mwishoni hukiri kosa na kushukuru kwa kuelimishwa. Kujibizana kwa washairi wa Mombasa na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, ambako Muyaka bin Haji alishiriki, hakukuwa na ahadi hiyo: kila upande ulikuwa na ujuzi wake na heshima yake ya kutetea. Ngonjera ya darasani inaweza kurejeshewa sifa hiyo.

3.0 Vipindi vya Mfano

3.1 Ngonjera isiyofungwa

Mwalimu huchagua suala lenye haki pande zote mbili, kwa mfano: je, maji ya kisima cha shule yauziwe wanakijiji ili kupata fedha za matengenezo, au yatolewe bure? Darasa hugawanywa kwa safu za madawati. Kila safu hutunga beti mbili za upande wake, kisha hubadilishana nafasi na kutunga ubeti mmoja wa upande uliopingwa. Ubeti wa maridhiano hautungwi. Stadi zinazofundishwa ni vina, mizani na viunganishi vya kukubali kwa sharti, kama vile "ingawa", "ilhali" na "hata hivyo". Viunganishi hivi humwezesha mzungumzaji kukiri uzito wa hoja ya mwenzake bila kuiacha yake.

3.2 Mtendaji katika kitenzi

Kipindi cha pili huanza na sentensi tatu ubaoni: "Kamati imetumia fedha za choo", "Fedha za choo zimetumiwa na kamati", "Fedha za choo zimetumika". Wanafunzi huulizwa ni sentensi ipi inaweza kuulizwa swali "na nani?" na kujibiwa humo humo. Kauli ya kutendwa hufuta mtendaji kwa hiari, kwani nafasi yake baada ya "na" hubaki wazi. Kauli ya kutendeka, kwa kawaida, haina nafasi hiyo kabisa: fedha huonekana kana kwamba zimekwisha zenyewe.

Baada ya hapo wanafunzi hukusanya matangazo ya shuleni na mtaani, kama yale yanayoanza kwa "mnatangaziwa", na kuyaandika upya yakimtaja mtendaji. Mwalimu hana budi kuwatahadharisha kwamba kumwacha mtendaji si kosa kila mara. "Mlango umefungwa" ni sentensi nyofu pale ambapo aliyeufunga hana umuhimu. Kinachofundishwa ni kutambua lini kutokuwepo kwake kunamgharimu msikilizaji.

3.3 Kumbukumbu za mkutano

Kipindi cha tatu huiga mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria huwahusu wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Baadhi ya wanafunzi hujadili suala la kisima. Wengine huandika kumbukumbu kwa mpangilio wake: mahudhurio, kufungua, yatokanayo, hoja, maazimio, mengineyo na kufunga. Hapa usemi halisi hugeuzwa kuwa usemi wa taarifa. Nafsi hubadilika, "hapa" huwa "pale", na "kesho" huwa "siku inayofuata".

Kipimo cha kazi hakiishii kwenye sarufi. Kumbukumbu husomwa mbele ya aliyeshindwa katika uamuzi, naye huulizwa: je, hayo ndiyo uliyosema? Akikana, mwandishi hurekebisha. Katibu aliyeandika "wajumbe wachache walilalamika" hujifunza kwamba "walilalamika" na "walihoji" si visawe, na kwamba uteuzi wa kitenzi kimoja unaweza kumnyima mtu hoja yake.

4.0 Hitimisho

Vipindi hivi vinaweza kufanyika katika darasa kubwa lenye ubao na daftari tu. Ugumu wake upo katika upimaji, kwa sababu mwalimu hulazimika kutoa alama za juu kwa hoja asiyokubaliana nayo, mradi imejengwa vizuri na imemtendea haki mpinzani wake. Mwalimu asipokuwa tayari kwa hilo, kisima kitajadiliwa darasani, lakini mwanafunzi atajifunza kukisia jibu analotaka mwalimu. Na huo ndio mwenendo atakaokwenda nao mkutanoni.